Spika Imekaa Chini ya Kiganja Changu: Nani Aliiweka Hapo?

Kila gemu mpya ya mkononi inapoingia sokoni, malalamiko huwa ni yale yale. Huyu anasema vitufe vimebanana. Yule anasema kijiti cha kulia kimeshushwa mno, na baada ya nusu saa gumba linamuuma. Wa tatu amegundua kwamba akikamata kifaa sawasawa sauti inafifia, akilegeza mkono inarudi. Hapo ndipo linapokuja lile swali la kejeli: kwani aliyekitengeneza hakuwahi kukishika?

Alikishika, tena sana. Ila kwenye kipande cha plastiki chenye upana wa viganja viwili, kitufe na spika vinagombea kiwanja kimoja, na mwenye kiwanja ni mkono wako. Ukishaelewa ugomvi huo, mambo mengi yanayoonekana ya kijinga kwenye gemu za mkononi yanaanza kueleweka, hata yale ambayo bado yatakuudhi.

Tuanze na majina, maana nusu ya ubishi hutokana na watu kukiita kitu kimoja kwa majina matatu. Nikisema gemu ya mkononi nina maana ya kifaa kizima: kioo, vitufe, spika na betri ndani ya gamba moja. Pedi ya msalaba ni kile kitufe chenye umbo la alama ya kujumlisha, cha kwenda juu, chini, kushoto na kulia. Vitufe vya kazi ni vile vya upande wa kulia, viwili au vinne, vya kuruka, kupiga na kukubali. Kijiti ni kile kinachochomoza na kuzunguka pande zote. Vitufe vya begani viko ukingo wa juu, navyo hubonyezwa kwa vidole vya shahada. Ama spika, usiifikirie kama yale matundu unayoyaona kwa nje. Matundu ni mlango tu. Spika yenyewe iko ndani, na ina nyumba yake.

Gumba huchora upinde

Chukua kipande cha boksi, ukikate kiwe na ukubwa wa gemu ya mkononi, tuseme sentimita 24 kwa 10. Kishike kwa mikono miwili, vidole nyuma, magumba mbele. Paka ncha ya gumba la kulia chaki, kisha lipitishe juu ya boksi huku na huku bila kusogeza kiganja. Alama itakayobaki ni upinde, kama ule unaoachwa na waipa kwenye kioo cha gari. Sasa jaribu kugusa kona ya chini kabisa, karibu na kiganja. Gumba linajikunja, na badala ya ncha unagusa kwa ubavu. Jaribu kugusa katikati ya boksi: kiganja chote kinang'oka ukingoni.

Sababu iko kwenye mfupa. Gumba limeungwa na kiganja kwa kiungo ambacho wataalamu wa mwili hukifananisha na tandiko la farasi, mfupa mmoja ukikaa juu ya mwingine kama mpanda farasi na kuyumba mbele, nyuma na pembeni. Kiungo hicho kina uhuru mwingi, lakini kimefungwa mahali pamoja. Kwa hiyo kila gumba lina ukanda wake wa starehe, mwembamba na uliopinda, na mbunifu mwenye akili huuchora ukanda huo kabla ya kuchora kitu kingine chochote.

Itazame Game Boy ya Nintendo ya mwaka 1989. Vitufe vyake vya A na B havikupangwa kwenye mstari wa kulala kama vilivyokuwa kwenye kidhibiti cha mashine ya nyumbani ya kampuni hiyo hiyo. Vimekaa mshazari, B chini kushoto, A juu kulia. Ule mshazari ndio upinde wa gumba. Kuna na jambo la pili ambalo mchezaji hulifanya bila kulifikiria: kwenye gemu nyingi za kuruka, B hukandamizwa muda wote ili mhusika akimbie, na A hugongwa anapotaka kuruka. Gumba moja linafanya kazi zote mbili, ncha ikiwa juu ya B na sehemu ya nyuma ya ncha ikibingirika kwenda A. Visogeze vitufe hivyo mbali kwa upana wa kitufe kimoja tu zaidi na ujanja huo unakufa. Vibananishe zaidi na utaruka usipotaka.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwa vipimo kitu ambacho mikono yetu inakijua siku zote: kadiri lengo lilivyo mbali na lilivyo dogo, ndivyo muda wa kulifikia unavyorefuka. Kwenye gemu kanuni hiyo hutumika kwa pande mbili. Kitufe kinachobonyezwa mara elfu kwa saa kinapewa nafasi ya karibu na umbo la kutosha. Kitufe cha kusimamisha mchezo kinafanywa kidogo na kupelekwa mbali kwa makusudi, kwa sababu kikikaa jirani na cha kuruka, mhusika wako ataganda hewani juu ya shimo. Ile Game Boy iliviweka viwili vya namna hiyo chini katikati, vyembamba, vya mpira. Watu huviona kama vitufe vilivyokosa nafasi, kumbe vimefukuzwa.

Kitufe kina mizizi

Kosa la kawaida ni kudhani kitufe ni kile kipande cha plastiki cha juu, kwamba unaweza kukichukua kwenye picha ya kompyuta na kukisogeza kulia kidogo. Kwenye gemu nyingi, chini ya kila kitufe kuna kofia ndogo ya mpira, na ndani ya kofia kuna kidonge cha kaboni kinachopitisha umeme. Chini ya kidonge, kwenye bodi, kuna njia mbili za shaba zisizogusana. Ukibonyeza, kofia inabonyea ghafla (ule mguso unaousikia kidoleni ndio huo), kaboni inaziunganisha zile njia, na kifaa kinajua umebonyeza. Kwa hiyo kila kitufe kinadai kiwanja cha bodi chini yake moja kwa moja, na juu ya kiwanja hicho kioo hakiwezi kupita.

Sony walionja ugumu huo kwenye gemu yao ya mkononi, PSP, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2004. Kioo chake kilikuwa kikubwa mno kwa wakati ule, karibu sentimita 11 kwa mshazari, na kilisogea hadi kwenye vitufe vya kazi. Kitufe chenye alama ya mraba, kilicho jirani kabisa na kioo, kililalamikiwa na wanunuzi wa mwanzo kwamba kinakwama au hakiitikii vizuri. Swichi yake haikukaa chini yake sawasawa kama wenzake. Ken Kutaragi, aliyekuwa kiongozi wa kitengo cha gemu cha Sony, alijibu hadharani kwamba ndivyo alivyokusudia kifaa kiwe. Mimi naona jibu lile lilikuwa la kiburi, lakini lilikuwa na ukweli ndani yake: alichagua kioo, na kitufe cha mraba kikalipa.

Pedi ya msalaba nayo ilizaliwa kwa shida ya nafasi. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliitumia mwaka 1982 kwenye gemu ndogo ya Donkey Kong ya mfululizo wa Game & Watch, kifaa kinachokunjwa kama kitabu. Fimbo ya mashine kubwa za gemu isingeingia humo. Msalaba ulilala bapa, na chini ya kitovu chake kuna kichuguu kidogo kinachoufanya uinamie upande mmoja tu: ukikandamiza kushoto, kulia kunainuka. Ndiyo maana huwezi kwenda kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na ndiyo maana gumba linajua liko wapi bila macho kuangalia chini.

Nani apewe kiti cha heshima?

Kila upande wa kifaa una mahali pamoja ambapo gumba hutua lenyewe ukikishika bila kufikiri. Pakikaliwa na pedi, kijiti kinashuka au kinapanda. Pakikaliwa na kijiti, pedi inahama. Huwezi kuvipa vyote viwili.

Nintendo 3DS ya 2011 ilimpa kiti hicho mgeni, yaani kile kiduara cha kutelezesha, ikaishusha pedi ya msalaba. Gemu mpya zilifaidika, na aliyekuwa akicheza gemu za zamani za pedi alilazimika kulikunja gumba kuelekea kiganjani. Switch ya 2017, nayo ya Nintendo, ilichukua hatua nyingine: kipande cha kushoto hakikuwa na msalaba kabisa, kilikuwa na vitufe vinne vilivyoachana. Wengi walidhani ni ubahili. Kumbe kile kipande kilitakiwa kichomolewe, kigeuzwe kilale, na kitumiwe na mchezaji wa pili kama kidhibiti kamili, hivyo vile vinne vikawa vitufe vyake vya kazi. Switch Lite ya 2019, ambayo vipande vyake havichomoki, ikarudishiwa msalaba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa PSP tena. Kijiti chake kimoja kilikaa chini ya pedi, upande ule ule wa kushoto. Kwenye gemu za kuwinda majoka, kijiti kilimwendesha mwindaji na pedi iligeuza kamera, na gumba la kushoto ni moja. Wachezaji walifanya nini? Waliliacha gumba kwenye kijiti, wakakikunja kidole cha shahada kutoka juu kama kucha la mwewe ili kibonyeze pedi. Mshiko huo ukaenea hadi ukapata jina, mshiko wa kucha. Mkono wa binadamu ulisahihisha mchoro wa mbunifu, kwa maumivu.

Kuna na uzito, ambao hausemwi sana. Switch ya kwanza ilikuwa na gramu 398 pamoja na vidhibiti vyake. Steam Deck ya Valve iliyotoka 2022 ina gramu 669. Mikono ile ile inayobonyeza ndiyo inayobeba. Kitufe kikikaa chini sana, gumba likishuka kukifuata, kiganja nacho kinashuka, na sehemu nzito ya kifaa inabaki juu ya mshiko. Kifaa kinataka kuanguka kwa mbele, vidole vya nyuma vinakazana kukizuia. Baada ya nusu saa unasema kijiti kinaumiza gumba, ilhali kinachochoka ni kifundo cha mkono. Steam Deck ilijaribu kukwepa mtego huo kwa kuviweka vijiti na vitufe vya kazi kwenye kimo kimoja, juu, ingawa hilo lilivisukuma vitufe hadi ukingoni kabisa.

Hapa nitaje imani mbili zinazorudi kila mara. Ya kwanza ni kwamba vijiti vikiwa sambamba, kushoto na kulia kimo kimoja, ndiyo sahihi, na vikipishana ni kosa. Mikono ina ulinganifu, ni kweli, lakini kazi zake hazina. Kwenye gemu nyingi gumba la kushoto halitoki kijitini, wakati la kulia linahama kila sekunde kati ya kijiti na vitufe vya kazi. Kupishana kuna mantiki kwa gemu za namna hiyo, ulinganifu una mantiki kwa gemu ambazo magumba yote mawili hayabanduki vijitini. Imani ya pili ni kwamba mahali pa kitufe A pamethibitishwa na sayansi. Kwenye vifaa vya Nintendo A iko kulia. Kwenye vile vya Xbox iko chini. Sony kwa miaka mingi walitumia duara kama kitufe cha kukubali nchini Japani na alama ya X kwingineko, wakaja kuunganisha kuwa X kila mahali kwenye PlayStation 5 ya 2020. Hayo ni mazoea, kama kuendesha gari kushoto au kulia. Mbaya ni kuhama katikati ya safari.

Sasa spika, maskini

Niliwahi kufungua gemu kuukuu iliyokuwa ikikoroma. Sauti ilikuwepo, ila nyembamba, imekauka, kama mtu anayeimba kwa kubana pua. Nilitarajia kukuta spika imechanika. Ilikuwa nzima, kiduara kidogo kama sarafu. Kilichokufa ni ile pete ya sponji iliyoizunguka: ilikuwa imegeuka unga mweusi ulionata vidoleni. Nilikata pete nyingine kutoka kipande cha sponji, nikaibana mahali pake, nikafunga gamba. Sauti ikarudi na mwili wake.

Kilichotokea ni hiki. Spika ni utando unaosukumwa mbele na nyuma na sumaku. Ukienda mbele, unaisukuma hewa ya mbele na wakati huo huo unaivuta ya nyuma. Mawimbi hayo mawili yana nguvu sawa na mwelekeo wa kinyume. Yakikutana yanafutana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Sauti nzito ndizo hufutika kwanza, kwa sababu ndizo hupinda na kuzunguka kwa urahisi. Dawa ni kuipa spika chumba chake, kilichozibwa, ili hewa ya nyuma isitoke. Sponji yangu ilikuwa ndiyo ukuta wa chumba.

Kwa hiyo spika inadai kiwanja mara mbili, chake na cha chumba chake. Na hata ikipewa, besi ni ghali. Ukitaka sauti yenye nusu ya masafa, yaani nusu ya mitetemo kwa sekunde, kwa nguvu ile ile, utando lazima usafiri mara nne zaidi. Utando wa gemu ya mkononi husafiri kwa kiasi kidogo mno, na unene wa gamba hauuruhusu zaidi. Anayekuambia kwamba spika ingetoa besi nzuri kama wangeihamisha tu sehemu nyingine, mwambie ahamishe betri kwanza, maana hapo ndipo chumba kikubwa cha spika kingekaa.

Sauti nyembamba zina tabia tofauti, na hizi ndizo mkono wako unazoziua. Wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Kiganja mbele yake ni kama jiwe dogo mtoni, maji yanapita. Wimbi la hezi 5,000 lina sentimita 7 hivi, na kiganja kwake ni ukuta. Jaribu sasa hivi kwa simu: weka sauti ya mtu anayeongea, kisha funika spika kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Sauti haipungui kwa usawa. Herufi s, f na sh zinapotea kwanza, mtu anaanza kuongea kama yuko ndani ya blanketi. Kwenye gemu, zinazopotea ni nyayo za adui nyuma yako.

Basi tafuta mahali pasipo na mkono. Magumba yanatawala mbele, pembeni mwa kioo. Mashavu ya viganja yanakalia kona za chini na mbavu. Vidole vya shahada viko juu, vingine vitatu vya kila mkono viko nyuma. Kilichobaki ni vipande: utepe mwembamba kando ya kioo, katikati ya ukingo wa chini, katikati ya ukingo wa juu. Historia ya spika za gemu za mkononi ni historia ya watu kuhamahama kati ya vipande hivyo.

Game Boy ya 1989 ilikuwa imesimama wima, ikishikwa ubavuni, hivyo kona ya chini kulia kwa mbele ilikuwa huru. Zile mbavu za mshazari ndizo mlango wa spika yake moja. Ndani mlikuwa na uwezo wa stirio, yaani sauti ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, ila ili uisikie ilikubidi uchomeke hedifoni. Game Boy Advance ya 2001 ikalazwa, spika ikabaki moja upande wa kulia, na dunia nzima ya mchezo ikawa inasikika kulia. Nintendo DS ya 2004 ndiyo iliyopata kiwanja cha bure: kifaa kinakunjuliwa, mikono inashika nusu ya chini, nusu ya juu haina mtu. Spika mbili zikakaa kila upande wa kioo cha juu, zikimtazama mchezaji usoni. PSP nyembamba ya 2007 nayo ilizihamishia spika juu, mbele, karibu na kioo.

Nokia waliteseka zaidi, kwa sababu N-Gage ya 2003 ilikuwa gemu na simu kwa pamoja. Uso wote wa mbele ulikuwa umejaa kioo na vitufe, hivyo spika ya kusikilizia na maikrofoni vikapelekwa kwenye ukingo mwembamba. Ili uongee ilikubidi ukisimamishe kifaa shavuni kwa ubavu, kama mtu anayejaribu kuingiza sahani sikioni. Watu walicheka, wakapiga picha wakiwa na vitu vya kila aina vilivyoegeshwa sikioni. Toleo la mwaka uliofuata, N-Gage QD, likairudisha spika usoni. Walichekwa kama watu wasiojua simu, wakati wao ndio waliokuwa wakizitengeneza kuliko wote. Walichoshindwa ni kugawa kiwanja.

Vipi kuhusu spika zinazotazama chini au nyuma? Wengi huziona ni za bei rahisi tu. Mara nyingine ni kweli. Lakini sauti inayotoka chini hugonga meza na kurudi kwako ikiwa na nguvu zaidi, na viganja vilivyokunjwa nyuma ya kifaa vinaweza kuielekeza usoni kama baragumu. Ubaya wake ni kutotabirika: weka kifaa juu ya meza kinavuma, kiweke juu ya godoro kinanyamaza. Spika ya mbele, kama zile za Steam Deck, haibadiliki ovyo, na ndiyo maana mimi ningeichagua, ingawa najua inakula mahali ambapo kioo kingeweza kutanuka.

Kuhusu stirio, matarajio yapunguzwe. Spika mbili zilizoachana sentimita 20, kifaa kikiwa sentimita 40 kutoka usoni, zinakupa pembe ya nyuzi 28 hivi. Kwa usikilizaji wa nyumbani hupendekezwa nyuzi 60, yaani wewe na spika mbili mkae kama pembetatu ya pande sawa. Programu inaweza kuidanganya akili yako kidogo ili upana uonekane mkubwa, na kwenye vifaa vya sasa inafanya hivyo vizuri. Matundu mengi nayo hayaongezi sauti. Yakishatosha hewa kupita, mengine ni pambo na njia ya vumbi.

Bado kuna ujirani. Spika inatikisa gamba, na kitufe kilicholegea karibu nayo kitazizima kama nyuki ndani ya kopo kila mlipuko unapotokea. Maikrofoni ikiwa jirani, rafiki unayeongea naye atajisikia mwenyewe akirudi. Sumaku ya spika ikikaribia kijiti cha aina inayosoma mwendo kwa sumaku, kijiti kinaweza kudanganyika. Haya hayaonekani kwenye picha za matangazo, na ndiyo hujibu kwa nini kitu kimesogezwa milimita 5 kutoka pale ambapo jicho lingependa.

Na mikono yenyewe haifanani. Urefu wa kiganja cha mtu mzima, kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati, huanzia kama sentimita 16 na kupita 20. Kitufe kinachotua pazuri kwa mmoja kinamlazimisha mwingine kunyoosha gumba. Hakuna mahali pa wote. Kuna mahali panapowaudhi wachache zaidi. Waliojaribu kutoka kwenye kifungo hicho ni wachache. Atari Lynx ya 1989 iliwekewa vitufe vya kazi seti mbili, juu na chini, na kioo kiliweza kupinduliwa ili anayetumia mkono wa kushoto akigeuze kifaa kizima. WonderSwan ya Bandai ya 1999, ambayo Yokoi yule yule wa pedi ya msalaba alishiriki kuibuni kabla ya kufariki 1997, ilichezwa ikiwa imelala au imesimama, kwa makundi mawili ya vitufe vinne upande wa kushoto. Gharama yake ilikuwa nafasi, kama kawaida.

Ugomvi wa nafasi uliwahi kumla hata mpatanishi wake. Spika ikikushinda, unatoa hedifoni. Wabunifu wote wanalitegemea hilo. Lakini Game Boy Advance SP ya 2003, ndogo, ya kukunjwa, iliyotosha mfukoni, ilibana kila kitu hadi tundu la hedifoni likakosa pa kukaa. Mwenye kutaka kusikiliza peke yake alinunua adapta na kuichomeka kwenye tundu la kuchajia. Mwaka uliofuata DS ilipotoka, tundu lilikuwa limerudi, na spika zilikuwa mbili.